Rili ya Mama Mkwe

Wateja waliingia dukani wawili, muuzaji akamwona mmoja. "Karibu kaka, karibu sana, rili za kuvulia samaki baharini ziko huku," akamwambia kijana, na yule mama aliyetangulia kuingia akarukwa kana kwamba ni ngazi. Mama mwenyewe alikuwa amekereza vyuma karakanani kwa miaka thelathini, mtaa mzima unamwita Fundi, na hakuzoea kurukwa. Kijana alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, karani wa bima, mtu ambaye tangu azaliwe hajashika samaki isipokuwa kwenye sahani.

"Anayevua ni mimi," Fundi akasema.

"Sawa kabisa, mama," muuzaji akajibu, kisha akamgeukia mkwe. "Kaka, unataka saizi gani?"

Na mkwe, badala ya kunyamaza, akajibu!

"Ya wastani," akasema.

Wastani wa nini? Wa viatu? Fundi akameza hasira yake nzimanzima, kwa sababu mkwe ni mkwe. Mtoto wako unaweza kumfokea mpaka majirani wafunge madirisha, lakini mkwe unamchekea tu.

Shida ilikuwa mkono. Kifundo cha kulia, kile kinachobeba fimbo ya kuvulia, kilikuwa kimeanza kuvimba, na daktari alimweleza wazi kwamba zana nzito aziache, nyepesi aendelee nazo. Binti yake alichukua nusu ya kwanza ya maneno hayo akaondoka nayo. Fundi alichukua nusu zote mbili. Akauza fimbo zake kubwa, akanunua moja nyembamba ya kurushia chambo bandia, vile visamaki vya plastiki vya gramu kumi na tano ambavyo mtu huvirusha na kuvivuta mara mia mbili kwa asubuhi moja. Ikabaki rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi. Ile ya zamani chumvi ilikuwa imeingia ndani, ikakwama samaki akiwa kwenye mshipi, Fundi akailazimisha, na siku tatu zilizofuata hakuweza hata kushika kikombe. Akipata nyingine ya aina hiyo, uvuvi ndio basi. Alilijua hilo, na lilimtisha kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu yeyote pale nyumbani.

Muuzaji akaweka juu ya kaunta rili ya rangi ya dhahabu, inang'aa mpaka unakunja macho. "Beringi kumi na tatu, inazunguka laini!" akatangaza. Akaupiga mkono wa rili kwa kidole, ukazunguka, ukazunguka, ukakataa kusimama. "Umeona, kaka? Yenyewe hiyo!"

"Duh," mkwe akasema.

"Inazunguka hivyo kwa sababu ndani ni kavu," Fundi akasema. "Rili iliyozibwa vizuri isipitishe maji inakuwa nzito kidogo ukianza kuizungusha. Na hicho kigurudumu mshipi unapopita, ambacho ndicho kinachokula chumvi kuliko vyote, kina beringi ngapi?"

Muuzaji akakitazama. Kilikuwa kipande cha plastiki. "Mama naye anajua mambo!" akacheka, kwa sauti ile ile wanayopongezwa nayo watoto waliohesabu mpaka kumi bila kuruka namba.

Fundi akawapa kisogo, akaenda zake kwenye rafu ya nyuma. Huko akaikuta anayoitaka, ya kijivu, haina hata urembo, gramu mia mbili na kumi. Akaibana mwili wake kwa vidole, haukunepa. Akautikisa mkono wa rili mbele na nyuma, haukulegalega, na ulikuwa umeskrubiwa moja kwa moja kwenye gia. Akakaza breki nusu, akavuta mshipi polepole, kisha kwa nguvu. Mshipi ukatoka bila kushtuka hata mara moja. Hasira ikaanza kumtoka. Akarudi mbele akitabasamu.

Mkwe naye alikuwa anatabasamu, ameshika mfuko. "Nimeshamaliza, Mama. Zawadi yako."

Ndani ya mfuko ilikuwamo ile ya dhahabu.

Fundi akatoa bisibisi ndogo kwenye mkoba, na kabla mtu hajajua anataka kufanya nini, skrubu nne zilikuwa juu ya kaunta na tumbo la rili liko wazi. Grisi hamna. Mpira wa kuzuia maji hamna. Akaiparuza gia kwa ncha ya bisibisi, ikabaki na mstari, laini kama sabuni.

"Mama! Iliyofunguliwa hairudishwi!" muuzaji akapiga kelele.

Hapo Fundi akajilaani kimoyomoyo. Karakanani ndivyo alivyofundishwa, fungua kwanza, maneno baadaye, na miaka thelathini haijawahi kumponza. Leo imemponza. Hasira ya kujikasirikia ikachanganyika na ile nyingine, akamwangushia muuzaji zote mbili.

"Huna haya! Umemwona mtu hajui, ukamuuzia takataka!"

"Mimi sikumuuzia takataka!" Muuzaji naye alikuwa amechukia sasa. "Nilimwonyesha za kudumu, muulize! Kaka mwenyewe kasema haina haja ya kudumu. Kasema ni ya miezi miwili mitatu, halafu unaacha."

Mkwe akainamisha kichwa, akawa anavisoma viatu vyake.

"Nani kasema naacha?" Fundi akauliza.

"Mama... tulikaa na mwenzangu, tukaongea..."

"Mkakaa. Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa chumbani."

"Chumba cha pili! Ukuta mmoja! Mmeshindwa kugonga mlango?" Sauti ilikuwa imepanda hata mteja mmoja akaahirisha kuingia. "Mmenizika, kisha mnaninunulia sanda ya rangi ya dhahabu! Unaouma ni mkono, baba. Kichwa hakiumi."

"Tuliogopa, Mama. Juzi ulishindwa kufungua mfuniko wa chupa."

"Nikakuomba unifungulie. Nilikuomba mfuniko tu. Maisha yangu sikukuomba uniamulie."

Fundi alitamani kulia, na kwa kuwa hakutaka kulia mbele ya muuzaji, akaisukuma rili ya kijivu katikati ya kaunta na kulipa mwenyewe. Muuzaji akachukua kadi ya garantii na kalamu. "Hii ni miaka mitano, mama," akasema taratibu, safari hii akimtazama yeye. "Niandike jina la nani?"

"La atakayeitumia miaka mitano."

Kisha akaanza kuifunga ile ya dhahabu. Skrubu ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kifundo kikagoma, maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. Duka zima likamwona. Fundi akampa mkwe bisibisi.

"Kaza."

Mkwe akakaza. Akamrudishia bisibisi kwa mikono miwili, na Fundi akamsukumia ile rili.

"Hii ni yako. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, wewe na mkeo, mje kwenye ukuta wa bandari. Mtasimama pembeni yangu, mtanitazama nikirusha mara mia mbili. Nikimaliza, mniambie mkinitazama machoni kwamba naacha."