Pijo ya Gichelu

Gicheru alifika kituo cha polisi saa mbili asubuhi, kwapani amebana kile chuma kilichopinda cha kuzungushia injini ya Pijo yake. Kwa miaka mitatu alikuwa akikipaka mafuta kila mwezi, ameapa kwamba siku ya kuachiliwa gari angeliwasha palepale na kurudi nalo Kitale. Siku ilikuwa hiyo au basi tena, kwa sababu tangazo ukutani lilisema magari yote yasiyo na wenyewe yangeuzwa kama chuma chakavu saa sita.

Yasiyo na wenyewe! Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto.

Alizunguka nyuma kwanza. Kulikuwa na gari la Anglia la bluu lililotambaliwa na mimea ya maboga, Kombi isiyo na milango, Land Rover ambayo kuku wa polisi walitagia kwenye kiti cha dereva. Mwishoni, karibu na choo, palikaa Pijo 404, pikapu ya mwaka 1974. Magurudumu hayakuwepo, betri haikuwepo, na ule weupe aliokuwa akiusugua kila Jumamosi ulikuwa umeliwa na kutu. Katika mji huu ukiiba kuku unafungwa. Gari likiibwa kipande kwa kipande ndani ya ua wa polisi, hakuna anayeulizwa.

Lakini alipochungulia chini ya boneti, injini bado ilikuwepo. Kimaiyo, jirani yake, alikuwa ameahidi kuja na trekta na trela, walibebe likikataa kuwaka. Bila Pijo, kabichi zake zilikuwa zikinunuliwa na mabroka waliokuja shambani na bei zao mfukoni, na mkewe Wahu alikuwa amechoka kuwalisha ng'ombe zile kabichi walizozikataa.

Sajini Sifuna alikuwa nyuma ya kaunta, anakunywa chai. Gicheru alimpangia karatasi zote: kitambulisho, kitabu cha gari, na hukumu ya korti iliyosema lori ndilo lililomgonga kwa nyuma, naye arudishiwe gari lake lililozuiliwa kama ushahidi. Sajini alifungua kitabu kikubwa, akashuka na kidole.

"Mzee, hii gari si yako."

"Ati nini?"

"Ni ya Gichelu. Angaria hapa. Wewe kitamburisho inasema Gicheru. Hao ni watu wawiri."

Gicheru aliinama akasoma. Kweli, iliandikwa Gichelu, na chini yake palikuwa na sahihi yake mwenyewe.

Aliikumbuka siku ile. Kabichi zilikuwa zimetapakaa barabarani, watu wanaokota, na askari anaandika haraka. Aliliona jina likikosewa akanyamaza, maana lilikuwa jina alilolizoea. Sokoni Kamukuywa kila mtu alimwita Gichelu. Akina mama walipoisikia Pijo ikikohoa kilimani walipaza sauti, "Gichelu amefika!" na yeye akaitika akicheka, kwani hata katika lugha ya mama yake l na r hupishana mlangoni bila salamu. Ulimi wa mtu hauna kosa. Kosa ni la kalamu, na kalamu ilikuwa ya serikali.

"Afande, ni nyinyi mliandika vibaya."

"Kitabu ya selikali haikosei, mzee."

"Basi ita mtu yeyote wa Kamukuywa. Muulize Nekesa muuza nyanya hii gari ni ya nani."

"Nekesa si koti."

"Korti si hii hapa? Soma basi!"

"Koti inasema gari irudishwe kwa Gicheru. Sisi hapa hatuna gari ya Gicheru," Sifuna alisema, bila haya hata kidogo, akamalizia chai yake.

Ilipofika saa sita, lori la mnunuzi wa chuma liliingia uani. Kimutai, mwenye lori, alikuwa mtu wa kufuata taratibu, kwa kuwa aliwahi kushtakiwa kwa kununua mali ya watu. Aliingia kaunta, alikokuwa bado amesimama Gicheru, akapitia orodha, akagonga kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hii nyingine zote mko na barua. Hii Pijo, mwenyewe hajaandika kwamba ameiacha. Mimi siibebi hivyo, bana."

Sajini alikuna kichwa. Kisha akamgeukia Gicheru, uso umejaa tabasamu tamu, akamsukumia fomu na kalamu.

"Mzee wangu, si utusaidie. Weka sahihi hapa, tumarize hii maneno."

"Niweke jina gani?"

"Gichelu."

Asubuhi Gicheru na Gichelu walikuwa watu wawili. Sasa, kwa kuwa ni kunyang'anywa, walikuwa wamekuwa mtu mmoja. Gicheru aliichukua kalamu, akaitazama, akairudisha juu ya fomu taratibu.

"Huyo simjui, afande. Mkimpata, mwambieni Gicheru alikuja kuchukua gari yake."

Kimutai alifunga orodha yake. Vijana wake walipakia Anglia, Kombi na Land Rover, kuku wakapiga kelele, na Pijo ikabaki peke yake kando ya choo.

Gicheru aliifikia, akachomeka kile chuma mahali pake pa kuzungushia injini, akakiacha humo kionyeshe kwamba gari lina mwenyewe, akashika njia ya kwenda kumwambia Kimaiyo, aliyekuwa akingoja barabarani, arudi nyumbani na trekta yake.