Panga Lililotoka Biharamulo

Auleria alipasua ndizi mbichi kwa kisu cha jikoni, ndani akakuta kahawia. Akapasua ya pili, nayo vilevile. Ya tatu hakuigusa. Mkungu ulikuwa bado mchanga, lakini ndizi nyingine zilishaanza kuiva upande mmoja, na majani ya juu yalikuwa yamelegea na kuning'inia kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mwenye stashahada na miaka mingi ya kutazama vidonda, na aliwajua wale wagonjwa ambao hata kabla hujawapima unajua hawatarudi nyumbani. Alisimama katikati ya shamba akageuka taratibu, akitazama shina baada ya shina. Kila alipogeukia palikuwa na jani la njano.

Shamba hilo ndilo lililoilisha nyumba yake tangu mumewe alipokwenda Kahama kutafuta dhahabu na kupotelea huko. Mshahara ulikuwa wa ada. Tumbo lilikuwa la migomba.

Gidioni, afisa ugani wa kata, alikuja na pikipiki yake kabla ya saa sita. Hakusalimia sana. Alikata mgomba mmoja chini, akachuchumaa, akasubiri. Baada ya muda ute wa njano ukaanza kutoka kwenye mkato, matone madogo madogo.

"Usaha," alisema Auleria.

"Ndiyo huo. Mnyauko." Gidioni alikusanya majani makavu, akayawasha, akalipitisha panga lake kwenye moto pande zote mbili kuua vijidudu. "Mama Joan, huu ugonjwa mwaka huu sijauona Nyakisasa yote. Hauji wenyewe kwa miguu. Nani ameingia humu na panga la kutoka mbali?"

Joan, binti wa Auleria, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na ndoo ya maji kichwani. Auleria alimwona anaishusha, maji yakimwagikia miguu yake, na binti hakujikung'uta.

Mwezi uliopita chuo kimoja cha kilimo na mifugo huko Biharamulo kilikuwa kimewaita vijana waliomaliza kidato cha sita, wale wanaofikiria kusomea digrii ya kilimo au ya mifugo, waje waishike kazi kwa mikono yao kabla hawajachagua. Kila mmoja aje na mabuti yake na panga lake. Auleria ndiye aliyemsukuma Joan aende. "Nenda ukashike mavi ya ng'ombe," alimwambia, "ukitapika, tutatafuta ualimu." Joan hakutapika. Alirudi na jua la jioni, amekaa nyuma ya bodaboda, anaongea kabla hajashuka. Alikuwa amevaa glavu ndefu akaingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, akamgusa ndama tumboni! Alichanja kuku. Alishika titi la ng'ombe lenye ugonjwa na lisilo na ugonjwa, akajua tofauti kwa vidole tu. Na siku ya mwisho wakapelekwa kwenye shamba la migomba inayoumwa, wakafundishwa kuitambua, kuikata na kuizika.

"Kwa hiyo digrii ni ya kutia mkono matakoni mwa ng'ombe," Auleria alisema usiku ule, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kesho yake Joan aliingia shambani na panga lake, akapunguza machipukizi na kukata majani makavu kama alivyofundishwa, akaacha kila mahali mashina matatu tu, la mama, la mtoto na la mjukuu. Shamba likapendeza. Bibi Tecla, mjane wa upande wa juu, akachungulia akasema, "Mtaalamu wetu, na kwangu huji?" Akaenda. Kisha Juvenali wa upande wa chini naye akamwita. Alikwenda kote na panga lake bila kusita, akiimba.

Sasa Auleria alimkalisha binti kwenye gogo mbele ya Gidioni, akamhoji kama anavyomhoji mgonjwa.

"Kule Biharamulo mlikata migomba inayoumwa. Kwa panga hilihili?"

"Hili. Lakini nililichoma bapa lote, Mama! Kila baada ya shina nililichoma. Walitusimamia. Nami nililichoma hata mara ya mwisho, wenzangu wameshapanda gari."

"Mara ya mwisho ukachoma. Kisha?"

"Kisha basi. Nikaondoka."

"Panga ulilibebaje?"

"Nililifunga."

"Kwa kitu gani?"

Joan alimtazama kana kwamba mama anauliza kitu ambacho hata mtoto anakijua. "Kwa gome la mgomba, si ndivyo tunavyofunga? Ningekaa na panga wazi kwenye gari la watu? Na bodaboda je, nimchanje dereva mgongo?"

Hivyo ndivyo kila mtu wa huku anavyobeba panga safarini. Unabandua gome bichi, laini, lenye maji, unaviringisha, unafunga kwa kamba ya gome lilelile. Auleria ndiye aliyemfundisha, Joan akiwa darasa la tatu, na alikuwa amemfundisha kama adabu: usitembee na makali wazi katikati ya watu.

"Gome ulilitoa wapi?" Gidioni aliuliza kwa sauti ndogo.

"Lilikuwa palepale chini." Kisha Joan akasikia alichokisema. Mkono ukaenda mdomoni. "Palepale tulipokata."

Ute wa gome lile umelala kwenye bapa safari nzima, kutoka Biharamulo mpaka Nyakisasa. Na asubuhi binti kafungua gome, kalitupa kando ya shimo la taka, kaingia shambani anaimba.

Gidioni alivua kofia, akaivaa tena. "Sikiliza, Mama Joan. Mimi nikitangaza, nitatangaza mnyauko tu. Watu wanajua wadudu huubeba, nyuki huubeba. Sina haja ya kutaja mtu. Huyu binti ana maisha yake mbele."

"Na mashamba mengine aliyoingia?"

"Nitapita kuwakagua. Wakiona dalili, watang'oa."

"Mama," Joan alisema. "Mama, tafadhali."

Auleria alilitaka sana pendekezo la Gidioni. Hilo lazima lisemwe. Nyuki. Neno dogo tu, na kila kitu kingelala. Alimtazama binti yake, miguu imelowa, vidole vimeshikana, akaona yule mtoto aliyegusa ndama tumboni, na akaamua moyoni kwamba ni nyuki. Akapanda kwa Bibi Tecla kumjulia hali tu, kuona kama migomba yake imeanza, bila kusema lolote.

Migomba ya Bibi Tecla ilikuwa kijani. Jani moja tu, kwa mbali, lilikuwa na mstari wa njano. Bibi mwenyewe alikuwa amechutama anafunga machipukizi kwa kamba, mzigo mzuri, mizizi imeoshwa.

"Karibu, mwanangu. Hizi ni za binti yangu Speciosa, kule Keza. Ana shamba jipya, hana mbegu. Kijana wa bodaboda anakuja kuzichukua. Si unaona zilivyonona? Mkono wa mjukuu wangu Joan huo!"

Auleria aliutazama mzigo. Akawaza Keza, shamba jipya, mwanamke na watoto wake wakipanda na kupiga udongo kwa miguu.

"Mama, usizipeleke," alisema.

"Kwa nini tena?"

Na kwa kuwa hakujua namna ya kusema jambo nusu, alisema lote. Panga, gome, Biharamulo, Joan. Alisema amesimama, kama anavyowaambia ndugu wa marehemu, haraka na bila kupamba, kwa sababu kupamba hakujawahi kumsaidia mtu. Bibi Tecla alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilibaki juu ya kamba.

"Mimi ndiye niliyemwita," alisema hatimaye. Akaanza kuifungua ile kamba, fundo baada ya fundo, taratibu sana. Auleria akaona afadhali angepigwa.

Kwa Juvenali hakukuwa na utaratibu. Alimsikiliza nusu tu, akaruka.

"Digrii! Kumbe digrii ndiyo hii! Huyo mwanao akisoma miaka minne si ataimaliza Ngara nzima?" Mkewe, Marsiana, alimshika shati, akamsukuma. "Niache! Watoto wangu watakula vyeti vyake? Eti nesi! Huko zahanati sindano moja mnamchoma mtu mmoja, mnatupa. Panga la mwanao limechoma ukoo mzima! Hukuliona hilo, wewe msomi?"

Kazini kwa Auleria sindano ikianguka chini haiokotwi. Panga lilikuja mlangoni kwake limefungwa gome la mgomba wa mbali, akaliona kwa macho yake, akasifu jinsi lilivyofungwa vizuri.

Gidioni alikuja na watu wa kitongoji. Migomba ya Auleria ilianguka yote, kisha ya Juvenali. Kwa Bibi Tecla Gidioni alisema labda upande mmoja utapona, lakini walipofika upande huo, nao ute ukatoka. Ukiangusha mgomba hausikiki sana, ni sauti ya kitu chenye maji kinachokaa chini. Ilisikika mchana kutwa. Joan alikata kuliko wanaume, anachoma panga, anakata, anachoma, mpaka nywele zake zikanuka moshi, na hakuna aliyemwambia pumzika wala pole. Jioni kilima kilikuwa wazi. Nyumba ambazo hazijawahi kuonana sasa zilitazamana mlango kwa mlango, na watu wakafunga madirisha.

"Nisiende tena chuo," Joan alisema gizani, kitandani kwake.

Auleria alikuwa na maneno ya kila aina kwa wanawake wenye uchungu na kwa akina baba waliofiwa. Kwa mwanawe hakupata hata moja.

"Lala," alisema.

Gidioni alikuwa amesema migomba isipandwe hapo kwa miezi mingi, ila viazi vitamu na mahindi ruksa, mnyauko hauvigusi. Kwa hiyo mvua za kwanza zilipodondoka Auleria alikata marando ya viazi ya kupanda kwa dada yake aliyeko Kabanga, akaleta magunia, na yeye na Joan wakapanda kwanza kwa Bibi Tecla kabla ya kwao. Hakuna aliyewaomba. Joan alikuwa amekonda, anaongea akiulizwa tu. Majibu ya mtihani yalikuwa yametoka, amefaulu vizuri sana, na nyumbani hakuna aliyeyataja tena baada ya siku yalipotoka.

Bibi Tecla aliwapokea bila kuwafukuza. Aliwaonyesha pa kuanzia. Joan alivua ndala, akashika jembe, akainua matuta, marefu na yaliyonyooka, udongo mwekundu ukinuka mvua. Alifanya kazi vizuri. Hata Bibi alisimama akatazama matuta yale kwa muda, na Auleria, aliyekuwa anasambaza marando, akathubutu kufikiri kwamba huenda, polepole, kitu fulani kitarudi.

Joan alimaliza tuta la kwanza. Akaweka jembe chini, akaokota rando, akainama kulichomeka.

"Hapana," alisema Bibi Tecla.

Joan aligeuka na rando mkononi.

Bibi alikuja akalichukua, si kwa ukali, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Wewe chimba tu, mjukuu wangu. Cha kupanda usikiguse."

Joan alimtazama mama yake. Auleria, ambaye maisha yake yote alijua la kusema, aliinamisha macho akaendelea kusambaza marando kwenye tuta. Baada ya kitambo akasikia jembe limeanza tena.