Panya wa Malati

"Huyu ni nani?" aliuliza Bibi Shoilobala, na mkono wake ulioshika jani la tambuu ukabaki hewani.

Wakaza wanawe wawili walitazamana. Ilikuwa alasiri ya siku ya mwisho ya sikukuu, saa ambayo wanawake wenye waume hupanda jukwaani kumuaga mungu Mama Durga na wanawe wanne, wote sanamu za udongo, kabla hawajapelekwa kuzamishwa mtoni. Kila mmoja hupanguswa uso kwa tambuu, hulishwa kitamutamu cha maziwa, kisha hunong'onezwa sikioni arudi mwakani. Bibi alikuwa na miaka themanini na minne, na mumewe bado alikuwa na nguvu za kugombana na redio, kwa hiyo mtaa mzima ulimwachia yeye atangulie. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, lakini safari hii hata wenye macho mazima hawakuwa na jibu.

"Saraswati, mama," alisema mkaza mwana mkubwa.

"Saraswati wapi! Huyo Kartik," alidakia mdogo.

"Kartik gani hana masharubu?"

"Si amenyoa!"

Watu waliangua kicheko. Bibi hakucheka. "Mimi simtii mtu chakula mdomoni hata jina lake silijui," alisema. "Nyie endeleeni na mzaha wenu, nitangoja."

Nyuma ya nguzo ya mianzi, fundi Gobindo alitamani ardhi ipasuke immeze. Sanamu zile zilikuwa kazi ya mikono yake. Kwa miaka thelathini alikuwa amefinyanga miungu ambayo hata mlevi mpita njia aliitambua: bundi miguuni pa Lakshmi, bata maji kwa Saraswati, tausi kwa Kartik, panya kwa Ganesh mwenye kichwa cha tembo na tumbo kubwa, kila mmoja na mnyama anayembeba. Mwaka huu kamati ya mtaa ilimleta Ritobrato, msanifu kijana, na mchoro wake wa miili mitano mirefu, myembamba, nyuso laini, imesimama kwa duara bila silaha wala taji. Hata mkonga wa Ganesh ulikuwa umebaki mkunjo tu wa shingo.

"Na wanyama sitaki, fundi," Ritobrato alikuwa amemwambia. "Nikiona hata unyoya, mwakani natafuta mtu mwingine." Gobindo hakuwa na mtaa mwingine. Ile mingine ilikwisha kuchukuliwa na mafundi vijana.

Aliitikia, maana hakuwa na moyo wa kubishana. Mkewe, Malati, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mvua, na wanyama ndio waliokuwa kazi yake. Kila mwaka aliwafinyanga kwa vidole vyake, panya akimweka mwisho, na akifika hapo alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. "Maskini wee! Tumbo lote lile, na wa kulibeba ni huyu?" Alipougua hakuacha, ila mikono ilikuwa imelegea, basi akawafanya wadogo, wa kutosha kiganjani. Baada ya maziko Gobindo aliwakuta wanne rafuni, wamekwisha kukauka. Hakuweza kuwaacha peke yao pale. Aliwabandika nyuma ya visigino vya sanamu, akawapaka rangi ya jukwaa, akanyamaza.

Kwa siku nne alijibanza kwenye nguzo ile akisikiliza. Watu walikuja, wakapiga picha, wakasifu, wakaulizana yupi ni yupi, wakaenda zao. Kila walipoondoka aliumia zaidi, akaona amewatengenezea watu wanasesere.

Sasa Bibi Shoilobala aliweka sinia chini, akapiga magoti.

"Mama, utaanguka!"

"Niacheni." Vidole vyake vilipapasa mguu wa sanamu, vikazunguka kisigino, vikasimama. Uso wake ukachangamka. "Kumbe ni wewe, Ganesh, baba! Nani amekukondesha hivi?"

Akainuka, akamlisha, akamnong'oneza. Wanawake wengine wakainama visiginoni mwa sanamu zilizobaki.

"Bundi! Lakshmi huyu hapa!"

"Kartik kumbe ni huyu! Njooni mguse mkia wa tausi!"

Vigelegele vikapaa. Ritobrato aliwapenya, akachuchumaa, akamwona panya. Gobindo akatoka nyuma ya nguzo.

"Ni mimi niliyeweka," alisema.

Bibi aliisikia sauti, akaitafuta kwa mkono mpaka akamshika fundi bega. "Lakini hukumfinyanga wewe. Panya huyu kafinyangwa na mtu anayecheka. Ni nani?"

"Mke wangu, bibi."

"Basi mwambie kazi yake nimeiona."

Mkaza mwana mkubwa, aliyekuwa amehudhuria mazishi ya Malati, akamvuta bibi taratibu na kumnong'oneza. Bibi aliuacha mkono wake pale pale begani mwa fundi.

Ritobrato alikuwa bado amechuchumaa. Alimpapasa panya kwa kidole gumba, mgongoni, ambako alama ya kidole cha Malati ilikuwa imekauka pamoja na udongo. Nje wabebaji walikuwa wakifunga kamba kwenye miti yao ya kubebea.

"Fundi," alisema bila kuinua macho, "mtoni atayeyuka. Naweza kumbandua sasa hivi, ubaki naye."

Gobindo alimtazama Ganesh, mwembamba kama ufito, makombo ya kitamutamu yamemganda mdomoni.

"Mwache," alisema. "Tumbo lote lile, nani atalibeba?"

Alianza kucheka, na kwikwi ikamshika. Wapiga ngoma waliingia kumchukua Mama Durga, na fundi bado alikuwa akicheka, machozi yakimtiririka, asiweze kujizuia.