Minara Kumi na Miwili Imesimama

Mkurugenzi wetu hakuwa na sentensi isiyo na megawati ndani yake, ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Megawati, mwenyewe akiwa hayupo. Kampuni ilianza na bwawa moja dogo lililozalisha umeme wa mji bila makeke. Likajengwa bwawa la pili chini yake, maji yaleyale yakapita mara mbili, na kwenye taarifa ya mwaka tukaandika kwamba tumekua maradufu. Mwaka uliofuata tukaingia kwenye upepo. Kila tulipokua, mapokezi yalipata sofa mpya. Umeme wa mjini ulibaki vilevile: unakuja ukijisikia.

Minara ya upepo ilikuwa kumi na miwili, juu ya kilima kinachoonekana kutoka dirisha la chumba cha mikutano. Mirefu, myeupe, imejipanga kama meno ya bandia. Na kama meno ya bandia yaliyoachwa kwenye glasi, haikutafuna kitu. Haikuwahi kuzunguka hata siku moja, kwa sababu laini ya kuleta umeme wake mjini haikujengwa. Fedha za laini zilijenga mnara wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Mnara unapigwa picha. Nguzo ya laini nani aipige picha?

Mimi nilikuwa ofisa habari wa mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Nyumbani nina watoto watatu na mume ambaye kazi yake ni ya msimu. Megawati alinieleza bila kuzunguka: wawekezaji wanakuja Alhamisi, wakiondoka wamefurahi, napata ajira ya kudumu, wakinuna, nitafute pengine.

Jumatatu akaniita kunipa maneno ya bango la getini. Alitaka lisomeke hivi: MINARA KUMI NA MIWILI IMESIMAMA. TUNAKUA.

Nilimwambia watu wataelewa vingine. Saa iliyosimama ni mbovu, gari lililosimama njiani limeharibika, na mtambo uliosimama hakuna anayeusifia.

"Imesimama," alisema Megawati, "maana haijalala. Au ulitaka niandike imelala?"

Nikapendekeza "imesimikwa". Akasema hilo ni neno la maaskofu. Nikapendekeza "imejengwa". Akasema hata vyoo vinajengwa. Nilitaka kusema "imefungwa", nikajizuia mwenyewe, kwa sababu hapo ingeonekana tumefunga biashara kabisa. Bango likachapwa kama alivyotaka.

Lilipopandishwa, mlinzi wa getini alilisoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa adabu zote ilikuwa imeanza lini hata ikasimama. Nikapita haraka.

Mchana wifi yangu akapiga simu. Ana saluni mjini, na vikaushio vyake vya nywele vinafanya kazi umeme wetu ukipenda.

"Wifi, leo nimewavulia kofia," alisema. "Mwaka mzima mnakua tu, mnakua tu. Kumbe siku moja mnaweza kukubali kwamba mambo yamekwama."

Nilimweleza kwamba maana yake imejengwa, imesimama wima. Alicheka mpaka nikamsikia mteja wake akiuliza kuna nini.

"Sasa kaka yangu naye kasimama tangu mvua ziishe. Mbona hujamwandikia bango?"

Jumatano watu walianza kuja. Fundi cherehani alitaka kujua ni kifaa gani kimeharibika. Mwenye duka la samaki wa barafu alisema ana shemeji yake anayetengeneza jenereta, kama tutahitaji msaada. Mama mmoja alikuja kutupa pole tu, akaondoka. Megawati aliuchungulia umati ule kutoka ghorofani, akadhani wamekuja kutupongeza. Akaagiza wapewe soda.

Alhamisi wageni wakafika. Kiongozi wao alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea, injinia wa miaka mingi, anayezungumza Kiswahili cha nyumbani kwao na si cha kujifunza kwenye kitabu. Alisimama mbele ya bango, akalisoma, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Kwenye chumba cha mikutano, kabla hata chai haijamiminwa, akaanza.

"Nimefurahi. Ninyi ndio wa kwanza kutuambia kabla hatujauliza. Imesimama tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu," alijibu Megawati, kifua mbele. "Na Mungu akijalia, mwakani itasimama mingine ishirini."

"Ishirini? Yote?"

"Yote. Na tunapanga bwawa la tatu nalo lisimame."

Wenzake yule mama waliacha kuandika. Mhasibu wetu, ambaye alikuwa ameshaelewa kinachoendelea, aliinama akamnong'oneza Megawati sikioni. Niliona rangi ya uso ikimhama bosi wangu taratibu, kuanzia paji la uso kwenda chini.

"Samahani," alisema. "Huyu mama wa habari amekosea Kiswahili. Mama, hebu waeleze."

Akanikazia macho. Macho yale yalikuwa yanasaini mkataba wangu na kuuchana kwa wakati mmoja. Nikasimama. Nilifikiria sare za shule na kodi ya nyumba. Anayesema kwamba hapo angefikiria kitu kikubwa zaidi anaongeza chumvi.

"Kosa la neno nalichukua," nilisema. "Tulitakiwa kuandika imejengwa."

"Kwa hiyo inazunguka," alisema yule mama.

Megawati akaanza kukohoa.

"Hapana. Imejengwa vizuri, ila haizunguki. Haina laini."

Yule mama alikwenda dirishani, akalifungua. Upepo ukaingia kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni, ukazoa taarifa ya ukuaji wa kampuni kutoka mezani na kuisambaza sakafuni. Kule kilimani hakuna kilichotikisika.

"Upepo mnao," alisema.

Hakugomba. Alisema hakuna mnara mwingine mpaka laini ifike mjini, na kwamba kila mwezi anataka taarifa ya umeme uliozalishwa, si ya vyuma vilivyoinuliwa. Akataka iandikwe na mimi.

Walipoondoka Megawati aliniita. Alisema nimemvua nguo mbele ya wageni. Nikamwambia aliniagiza niwaeleze, nikawaeleza. Aliizungushazungusha kalamu, kisha akasaini ajira ya kudumu. Haikuwa huruma, wageni wangeuliza niko wapi. Ila meza yangu ya ghorofani nikanyang'anywa, nikapelekwa chini kwenye dirisha la wateja. Alisema kwa kuwa napenda sana kueleza, nikaeleze huko.

Nikashuka na kikombe changu na chaja ya simu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Wa kwanza alikuwa mwenye mashine ya kusaga, akaniuliza umeme utatulia lini, swali ambalo dirisha lile lilizoea kulijibu "kesho". Nikamwambia sijui, laini bado haijaanza hata kujengwa.

Akageuka nyuma kwa wenzake.

"Huyu ni mgeni hapa," akawaambia.