Pointi Tisini na Tisa za Verlin

Kaka yangu Verlin ana miaka sabini na saba, na mwaka ule kuanzia Februari aliendesha gari kana kwamba amepakata trei ya mayai. Breki aliigusa tu, hakuikanyaga. Kona alizikata taratibu mpaka magari ya nyuma yakatupigia honi. Tukifika nyumbani, Sun City, mji wa wastaafu kule Arizona, ananikabidhi simu kabla hata hajafungua mkanda.

"Nisomee pointi zangu, Nadine."

"Tisini na nane."

"Jana zilikuwa tisini na tisa! Nimekosa wapi?"

Mimi nitajuaje? Niliendesha basi la shule miaka ishirini na tisa, na hakuna hata siku moja basi lilinipa maksi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi, kwa kadiri nilivyoyaelewa, na sikuyaelewa sana. Gari la Verlin lilikuwa linajiendesha, ila si kweli. Lilijiendesha nusu, na wewe uliendesha nusu nyingine kwa wasiwasi. Sasa kampuni ilikuwa inaleta toleo jipya la programu ya gari, la kumi na nne, ambalo wenye magari walisema litakutoa mlangoni mpaka mlangoni huku umelala. Lingeanza kwa wale tu wenye pointi tisini na tisa kwenda juu. Gari lilimpima dereva kimyakimya, breki, kona na umbali, kisha likampa alama. Yaani uthibitishe kwamba wewe ni dereva mzuri ili uruhusiwe kuacha kuendesha. Nilimuuliza Verlin kama hilo linaingia akilini. Alisema sijui teknolojia.

Lakini sikumcheka sana, kwa sababu nilijua anachokitafuta. Mkewe, Maribeth, alipata kiharusi na yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa kule Wickenburg, dakika arobaini kutoka kwetu. Verlin hula naye chakula cha mchana kila siku. Kwa miaka miwili hajakosa hata mara moja. Na tarehe kumi na mbili Juni alitakiwa kupimwa macho ili apewe leseni mpya. Macho yake yalikuwa ya kizee, nikadhani, kama yangu.

"Wakininyima leseni, gari litanipeleka lenyewe," alisema.

"Mimi nipo. Nitakupeleka mimi."

"Wewe? Utasimama kila kona kupakia watoto."

Verlin alikuwa hajawahi kukaa kiti cha abiria maishani mwake. Baba alikuwa hivyohivyo.

Basi, Alhamisi moja ya Aprili tunatoka mtaani kwetu, kigari cha gofu kikachomoza kutoka kulia, bibi mmoja mwenye kofia kubwa akiwa usukanini. Mtaani kwetu nusu ya watu wanakwenda dukani kwa vigari hivyo. Nikangoja Verlin akanyage breki. Hakukanyaga. Alipita vilevile, taratibu, amenyooka, na yule bibi akakwepa akaishia kwenye kokoto za bustani ya watu.

"Verlin! Ungemuua!"

Aliushika usukani kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Ningekanyaga breki ghafla, pointi zingeanguka."

"Roho ya mtu na pointi, wee mzee, unavipima kwenye mzani mmoja?"

"Si amepona? Acha kelele."

Nilikasirika sana. Jumamosi nikaenda naye kwenye kikao chao, makusudi, nikamsemelee. Wenye magari hayo hukutana asubuhi kwenye kituo cha kuchajia kando ya duka la donati, wazee kumi na wawili hivi, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, wakibishana kuhusu toleo ambalo hakuna aliyeliona. Kiongozi wao ni Orrin, fundi bomba mstaafu.

"Linatoka wiki mbili zijazo," alikuwa anasema.

"Ulisema wiki mbili mwezi wa kwanza," mmoja akamjibu.

"Zile zilikuwa wiki mbili za lile la kumi na tatu nukta nne. Hizi ni za la kumi na nne lenyewe."

"Mimi nimesikia la kumi na nne limefutwa, tunarukia la kumi na tano."

"Hilo la kumi na tano ndilo la kumi na nne, wamelibadilisha jina tu."

Nikasema mnisikilize. Nikawaeleza habari ya kigari cha gofu, bibi na kofia yake, kokoto, yote. Nikangoja wamkemee. Orrin akampiga Verlin begani.

"Umefanya la maana, mzee mwenzangu. Breki ya ghafla inakula pointi nne! Mimi juzi nimepita taa ya njano inageuka nyekundu, roho mkononi, ila sikusimama."

"Mimi simkwepi hata kware," akasema mwingine.

Wakacheka. Verlin naye akacheka, lakini kwa kuchelewa. Nilitazama zile nyuso nikajiuliza ni nani aliyechanganyikiwa, wao au mimi. Watu wazima, waliolea watoto na kulipa nyumba, wanaendesha vibaya ili waitwe madereva wazuri. Nilikula donati mbili kwa hasira, na sukari nimekatazwa.

Toleo lilifika Jumanne moja mwezi Mei, saa tatu asubuhi, bila mtu yeyote kuwa amelitabiri. Simu ililia, nikaisoma, na Verlin akainuka kwenye kiti kama kijana.

"Limekuja! Nadine, limekuja!"

Dakika ishirini na tano tulisimama gereji tukilitazama gari limezima taa zake, kama watu waliomsindikiza mzazi wodini. Skrini ilipowaka, yalitokea maelezo marefu.

"Nisomee. Sijui miwani nimeiweka wapi."

"Iko usoni kwako."

"Hii ya kuonea mbali. Soma wewe."

Nikasoma. Gari lingejiegesha, lingepita mizunguko ya barabarani, lingepisha magari ya wagonjwa. Kisha mwishoni: dereva anapaswa kuangalia barabara wakati wote, na kamera iliyo juu ya kioo itafuatilia macho yake.

"Kumbe hulali," nikasema.

Verlin alimpigia Orrin papo hapo. Orrin akasema hayo ni maneno ya mawakili, yapuuzwe. Verlin akafurahi tena. Saa tano na robo tukaondoka, yeye usukanini, mikono mapajani.

Na lazima niseme kweli, gari lilikwenda vizuri. Lilitoka mtaani, likasubiri taa, likaingia barabara kuu namba sitini bila kushtuka. Nilianza kumwonea aibu Orrin kwa yote niliyomfikiria. Kisha likalia: tii! Skrini ikaandika, angalia barabara.

"Naangalia," Verlin akaliambia.

Tii, tii.

"Naangalia, wewe pipa la bati!"

Lililia mara ya tatu, kwa sauti kubwa, likawasha indiketa, likajisogeza pembeni ya barabara likasimama. Skrini iliandika kwamba huduma imefungwa kwa siku saba kwa sababu dereva hakuwa makini. Pointi tisini na tisa, na siku ya kwanza tu kafukuzwa.

"Limeharibika," akasema Verlin. "Nimeitazama barabara muda wote. Wewe si shahidi?"

Nilimgeukia niseme ndiyo. Hapo ndipo nilipomwona. Kichwa kilikuwa kimeelekea barabarani, lakini macho yalikuwa kulia, kule kwenye madungusi, ile mimea ya miiba ya jangwani, nje ya lami.

"Verlin, hapo unaangalia nini?"

"Barabara."

"Macho yako yako kwenye madungusi."

Lori lilipita, gari likatikisika.

"Nitazame mimi," nikasema.

Akanigeukia, na macho yakaenda pembeni ya sikio langu. Baridi iliniingia mwilini, jangwani, mwezi wa Mei.

"Katikati pamekufa," akasema. "Daktari kasema pembeni patabaki. Nikikutazama usoni, uso haupo. Nikitazama huko nyuma ya sikio lako, ndipo unatokea."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Na yule bibi wa kigari?"

"Sikumwona. Nilisikia ukelele wako tu."

"Ukasema ni pointi!"

"Bora mniite mjinga, Nadine. Mjinga anaendelea kuendesha."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia, na sikufanya lolote. Miezi mitano nimekaa kiti cha pembeni nikipelekwa na kipofu, nikimgombeza kwa jambo lisilokuwepo. Nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango. Alikaa kidogo, mikono juu ya usukani, halafu akatoka na kwenda kiti cha abiria huku akilishika gari kwa kiganja njia nzima.

"Maribeth anajua?" nikamuuliza tulipoondoka.

"Hapana, na wewe usimwambie. Akijua atanikataza kuja."

"Nitakuwa nakuleta mimi, kaka."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata hivyo usimwambie. Ana yake yanamtosha."

"Haya, sitamwambia."

Tulifika saa sita na robo. Maribeth alikuwa mezani kwenye kiti chake cha magurudumu, supu ya kuku mbele yake haijaguswa. Tangu apate kiharusi maneno yake hutoka polepole, lakini hayakosei njia. Verlin akambusu, akaketi mkabala naye, akageuza macho kama kawaida yake kuelekea dirishani.

"Umechelewa," akasema Maribeth.

"Gari lilitusumbua. Supu nzuri?"

Alimtazama mumewe muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Nadine, huko nje kuna nini? Tangu majira ya baridi, akija anatazama dirisha. Hanitazami mimi."

Nikamwangalia Verlin. Alikuwa ameinamisha kijiko. Nilikuwa nimeahidi.

"Midomo imenipinda, najua," Maribeth akasema. "Sijakasirika. Kama dirisha ndilo zuri, nitakaa hapo."

Akafungua breki za kiti, akasukuma magurudumu kwa mkono wake mmoja mzima, akaizunguka meza kidogo kidogo, asitake nimsaidie, mpaka akafika dirishani, pale hasa macho ya mumewe yalipokuwa.

"Haya. Sasa nitazame."

Verlin alishtuka kama mtu aliyeachwa gizani. Alinyoosha mkono hewani juu ya supu, akapapasa huku na huku.

"Maribeth? Rudi pale ulipokuwa, mke wangu," akasema. "Nakuomba rudi. Hapo sikuoni."