Robo Rupia ya Bibi Kokwijuka

Kwa heshima zote zinazostahili, naanza na historia. Robo rupia ni sarafu ya fedha, ndogo kama kifungo cha koti la mwalimu wa zamu, iliyotumika enzi za Wajerumani. Hii ya kwetu aliipata bibi wa bibi yangu, alipouza mkeka mjini Bukoba. Waingereza walipoleta shilingi zao, robo rupia ikakataliwa sokoni. Wenzake walizipeleka zao kwa wahunzi, zikawa bangili. Yeye akaiviringisha katika kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti, akaitunza mpaka mjukuu wake alipoolewa.

Tangu hapo hutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu, siku ya harusi. Bibi huiweka katika kiganja cha bibi harusi na kumfumba vidole. Mkono haufunguliwi mpaka mbele ya mama mkwe.

Asubuhi ya harusi ya dada Annastella, kwetu Kagoma, niliitoa robo rupia ndani ya lubugo nikaweka kizibo cha soda nilichokiponda kwa jiwe. Mpango ulikuwa hivi: bibi angepapasa, angeshtuka, watu wangecheka, nami ningeitoa sarafu mfukoni na kuinama kwa adabu. Nikirudi shuleni, bwenini ningepigiwa makofi.

Vidole vya Bibi Kokwijuka viliingia ndani ya lubugo, vikasimama. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini yalinitafuta katikati ya watu mpaka yakanipata, nikiwa nimeshaanza kucheka. Akakifunika kizibo kwa viganja viwili, akakiweka mkononi mwa dada, akamfumba vidole.

"Nenda salama, mwijukuru wangu."

Vigelegele vikapigwa. Hakuna aliyeona.

Garini nilikaa nyuma ya dada. Pale Kemondo tuliposimama, shangazi Benigna alimnywesha maji kama mtoto mchanga, maana mkono wa kulia ulikuwa umefungwa.

"Dada, hebu nione mkono," nikasema.

"Avit, kaa kitako," shangazi akasema. "Hata waziri haufungui mkono huo."

"Ina makali," Annastella akasema, akitabasamu. "Sikujua fedha inachoma hivi."

Ningesema hapo. Mdomo ninao, shuleni unajulikana mpaka jikoni. Nikatazama migomba mpaka Bukoba.

Nyumbani kwa mkwe, Kibeta, Mama Gaudiosa alikuwa amewakusanya majirani waione sarafu ya Wajerumani. Annastella akapiga magoti, akafungua mkono. Kizibo kilikuwa kimemkata, kikaacha duara jekundu kiganjani.

Mzee Rutaihwa, mjomba wa bwana harusi, ndiye aliyeanza.

"Kumbe Kagoma soda wamekunywa wenyewe, sisi tumeletewa kizibo."

Wakacheka. Ulikuwa utani wangu kabisa, na ulisemwa vizuri kuliko ambavyo ningeusema mimi. Dada alikuwa bado amepiga magoti, kiganja kimenyooshwa.

Nikasogea mbele, nikaitoa robo rupia mfukoni.

"Mama, ni mimi niliyebadilisha. Bibi hana kosa."

Mama Gaudiosa akaniangalia, akamwangalia mkwe wake. "Ipokee basi, mwanangu."

"Mkono nimeshaufungua," Annastella akasema. "Nilichopewa na bibi ni hiki." Akakifumbata kizibo chake tena. "Hiyo rudi nayo."

Nilirudi nayo. Bibi alikuwa barazani.

"Amefungua?"

"Amefungua."

"Wamemcheka?"

"Wamemcheka, bibi." Nikaona heri niulize. "Kwa nini hukusema pale pale?"

"Ningesema, wageni wote wangejua nyumba hii ina mwizi. Nikasema, njia ya Kibeta ni ndefu, atamwambia dada yake garini."

Nikamnyooshea robo rupia. Akaipokea sarafu, akaipapasa, kisha akauvuta mkono wangu wa kulia. Akaiweka kiganjani, akanifumba vidole kimoja kimoja, kama wanavyofumbwa mabinti.

"Annastella akipata binti, utampelekea wewe. Na historia yake utamsimulia yote, pamoja na ya kizibo."

"Nifungue lini, bibi?"

"Nitakwambia."

Chakula kikaja, ndizi za ebitoke na samaki, ukoo mzima umezunguka sinia. Nikala kwa mkono wa kushoto mbele ya wajomba. Hakuna aliyecheka.