Nywele za Mkaguzi

Mtaa mzima ulimwita Mama Vidole, na hata mama mkwe wake, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alikubali kwamba jina hilo halikutiwa chumvi. Vidole vya yule mama vilipita kwenye nywele kana kwamba vinajua njia vyenyewe, huku mdomo wake ukiendelea na habari nyingine kabisa. Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti vya plastiki, kiti kimoja cha kuzunguka, beseni la kuoshea nywele, na dirisha kubwa linalotazama mto. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani. Ukirusha ganda la ndizi dirishani kwa nguvu kidogo tu, linaangukia majini.

Maji ya bomba yalikuja yanapotaka, kwa hiyo watu wa ukingoni walizoea kuchota mtoni. Mama Vidole aliyachuja, akayachemsha, akaoshea vichwa vya watu miaka nenda miaka rudi bila mtu kunung'unika. Kisha kiwanda cha ngozi kilichokuwa juu ya mtaa kikapanuliwa, na mto ukaanza kuwa na tabia. Siku nyingine ulishuka mweupe kama kawaida yake. Siku nyingine ulikuja na rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, povu limeganda kwenye nyasi, na harufu ya mayai viza ikaingia mpaka kwenye masufuria.

Watu walilalamika, kisha wakazoea. Mama Vidole naye angezoea kama si kichwa cha binti mmoja aliyekuwa karibu kuolewa. Alimwosha na kumtengeneza vizuri, binti akaondoka anajitazama kwenye kila kioo cha gari. Kesho yake akarudi amejifunga kitambaa, analia, ngozi ya kichwa imevimba na nywele zinatoka kwa mafungu. Mama yake alisimama mlangoni akamporomoshea Mama Vidole matusi ya nguoni, majirani wamejaa barazani wanasikiliza. Walipoondoka alitupa dawa zake zote, akanunua nyingine, akazijaribu kwenye kichwa chake mwenyewe. Kikawasha vilevile. Siku iliyofuata aliosha kwa maji matupu ya mtoni, bila dawa wala sabuni, na jioni akawa anajikuna kama mtu aliyelala kwenye upupu.

Wiki hiyohiyo alijiunga na kamati ya wakazi. Kamati yenyewe ilikuwa imechoka. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole mwenye sauti ya kusomesha, na alimweleza jinsi walivyozungushwa. Walikwenda ofisi ya mazingira, wakaahidiwa ukaguzi. Mkaguzi alikuja kweli, na chupa zake na glavu zake, akakuta mto umetulia, maji unaona mpaka mchanga. Walikwenda tena, akaja tena, mto ukawa safi tena. Kiwanda kilipewa taarifa mapema kila mara, maana sheria ilisema mtu haingii kiwandani bila kubisha hodi. Kwenye karatasi za serikali, mto ule haukuwa na ugonjwa wowote.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mumewe Mama Vidole alifanya kazi kwenye kiwanda hichohicho, akizungusha ngozi kwenye mapipa makubwa ya dawa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu mkewe aingie kamati hata hayo machache yalipungua. Hakumkataza. Alikula, akashukuru, akawashia mama yake redio, akaenda kulala. Mama Vidole naye hakumuuliza lolote kuhusu kazi. Alijua mshahara ule ndio uliosomesha watoto wao, na hakutaka kumweka mume wake kwenye njia panda.

"Nyinyi wawili mnakaa kama wapangaji," mama mkwe aliwaambia siku moja, akitafuta miwani yake. "Mmoja anausafisha mto, mwingine anauchafua, na mimi naombwa nisiseme."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha kwanza kwa muda mrefu, lakini mume aliacha kucheka kabla ya wenzake.

Nafasi ilijitokeza ofisini kwa mkaguzi. Mama Vidole alikuwa amekwenda na mwalimu kufuatilia, wakajibiwa yaleyale. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu kidogo, lakini mkweli. Alisema waziwazi kwamba anawaamini, ila kuamini si ushahidi. Wakati anaongea, Mama Vidole hakuweza kuyazuia macho yake. Nywele za yule mama zilikuwa zimesukwa ovyo, mistari imepinda, kingo zimekatika. Walipokuwa wanaaga, mkaguzi akataja kwamba anaanza likizo kwa sababu mdogo wake anaolewa, na Mama Vidole akasikia mdomo wake ukisema kabla hajaufikiria: "Dada, harusini utakwenda hivyohivyo? Njoo nikusuke."

Mkaguzi alitabasamu, akasema hapokei zawadi kutoka kwa walalamikaji. Mama Vidole akajibu kwamba hakusema bure. Atalipa kama watu wengine, na akitaka stakabadhi atapewa. Mkaguzi akacheka, akauliza siku gani ana nafasi. Mama Vidole akasema atampigia simu.

Jioni hiyo alimsimulia mumewe, kama mtu anayesimulia habari za kawaida za kazini. Alisema mkaguzi anakuja kusukwa, na kwamba hajajua amwambie aje siku gani. Akamsogezea mchuzi. Mume alikuwa ameshika kijiko, akakitazama kana kwamba kina maandishi. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida hakukubali kimya kipite bila kukitia neno, alipunguza sauti ya redio.

"Alhamisi," mume alisema. "Mchana, wakishakula. Ndipo wanapofungua."

Akaendelea kula. Mama Vidole aliinuka kuondoa vyombo kabla mtu hajamaliza, maana hakutaka waone macho yake.

Alhamisi mkaguzi alikuja asubuhi, amevaa gauni la nyumbani na ndala, gari ameliegesha uani. Mama Vidole alimfumua, akamwosha kwa maji ya bomba aliyoyanunua kwa madumu, akaanza kusuka mistari myembamba. Waliongea ya harusi, ya wadogo wasiosikia, ya magoti yanayouma. Mama Vidole hakuutaja mto hata mara moja. Lakini kwa mara ya kwanza maishani alisuka polepole. Saa ya chakula ilipita. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekamilika, upande mwingine nywele zimesimama kama kichaka.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kuisikia harufu. Alikohoa kule uani, akaja mpaka mlangoni akaziba pua kwa kanga. Mkaguzi akageuza shingo kuelekea dirishani. Mto ulikuwa unabadilika mbele ya macho yao; rangi ilishuka kutoka juu kama kitambaa kinachokunjuliwa, buluu imeingia kwenye kijani, povu likisukumana pembeni.

Mkaguzi aliutazama mpaka povu likafika chini ya dirisha. Kisha akamtazama Mama Vidole kwenye kioo.

"Uliniita kusukwa, au uliniita kazini?"

"Vyote viwili, dada. Nisamehe."

"Likizo yangu inaanza kesho," mkaguzi alisema, akiinuka na taulo mabegani. "Leo nimeomba ruhusa tu. Na mto si wa kiwanda. Mtoni sihitaji kubisha hodi."

Alikwenda kwenye gari akatoa sanduku lake la chupa, glavu na buti, maana vitu hivyo havikutoka ndani ya gari lile hata siku za mapumziko. Akashuka ukingoni nusu kichwa kimesukwa na nusu kimetimka, na watu wakaanza kutoka majumbani. Wa kwanza walicheka. Kisha wakaona anachota, anafunga, anaandika, anapiga picha, na kicheko kikaisha. Aliufuata ukingo kuelekea juu, umati unamfuata kwa nyuma, mwalimu mstaafu akiwasihi watu wasimkaribie sana, mpaka kwenye bomba nene lililofichwa na matete. Lilikuwa linamwaga. Alimpigia simu meneja wa kiwanda aje ashuhudie sampuli zikichukuliwa. Meneja alikuja na tai yake, akamkuta ofisa wa serikali mwenye nusu nywele, na kwa jinsi alivyoshangaa akasahau kukana.

Mkaguzi alirudi saluni akanawa mikono, akakaa kwenye kiti. "Malizia," alisema. "Harusi iko palepale."

Majibu ya maabara yalipotoka, kiwanda kiliamriwa kusimamisha kazi mpaka kitengeneze mtambo wa kusafisha maji machafu, ambao ulikuwepo tangu zamani ila ulikufa na hakuna aliyeuzika wala kuufufua. Mtaa ulishangilia, lakini si wote. Wafanyakazi walirudishwa nyumbani, na wiki haikuisha kabla hawajakusanyika mbele ya saluni. Walisema wanawake wenye kazi ya kukaa wamewanyang'anya wenzao riziki. Mmoja, ambaye Mama Vidole alikuwa amewasuka binti zake wote, alimuuliza kama yuko tayari kuwalisha.

Mama Vidole alipiga moyo konde akatoka na kitana mkononi. Aliwaambia kamati haikuwahi kuomba kiwanda kifungwe, ilitaka kitengenezwe. Sauti yake ilimezwa na kelele. Ndipo mumewe alipotoka ndani, akasimama kando yake. Wenzake wakapunguza sauti, maana walimheshimu.

"Siku ya kufungua maji ni mimi niliyemwambia," alisema. "Kama mnatafuta wa kumlaumu, niko hapa. Nimechoka kurudi nyumbani nikiinusa kazi yangu kwenye maji ya mama yangu."

Mama Vidole alimsogelea zaidi. Alijua mumewe ametoboa siri ambayo ingemgharimu kazi. Kisha mzee mmoja wa mapipa, mcheshi ambaye siku zote alifanya mzaha na kila mtu, alivuta mikono ya shati lake akaonyesha vidonda vilivyopanda mpaka kwenye viwiko. Alisema na yeye amechoka, ila alikuwa anasubiri mwingine aanze, na anaona aibu kwamba aliyeanza ni mtu anayejulikana kwa kutosema.

Watu walicheka kidogo, na hasira ikapungua makali. Wakaketi palepale, wengine kwenye viti vya saluni, wengine barazani, na mwalimu mstaafu akaitwa. Kufikia jioni walikuwa wamekubaliana jambo moja: wafanyakazi na wakazi wangekwenda kwa wenye kiwanda pamoja, wadai mtambo ufufuliwe na mafundi wa kuujenga wawe haohao waliorudishwa nyumbani, kwa ujira wao uleule. Wenye kiwanda walikuwa wamezoea kuwagonganisha hawa na wale. Walipowaona wamekuja bega kwa bega, walijaribu kutishia kuhamia mbali, kisha wakahesabu hasara ya kufunga, wakalainika.

Haikuwa kazi ya mara moja. Kuna waliokosa subira wakaondoka, na kuna siku ambazo nyumbani kwa Mama Vidole walikula mlo mmoja na kulala mapema. Msimamizi alimwandama mumewe kwa maneno ya kejeli. Lakini hakuthubutu kumfukuza, kwa kuwa wote wangetoka naye. Wanaume walichimba mabwawa ya kutuliza taka, wakamimina zege, wakafunga pampu. Mto ukaanza kupata nafuu polepole, kama mtu aliyeugua sana. Wataalamu walionya kwamba tope la chini bado lina sumu, watoto wasiogelee, bustani zimwagiliwe kwa maji ya bomba kwanza. Lakini harufu iliondoka, na yule binti aliyeharibikiwa nywele alirudi saluni na nywele mpya fupi, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka bila kusema habari za zamani.

Moja ya masharti yaliyokubaliwa ni kwamba wakazi wataingia kiwandani kukagua mtambo wakati wowote watakaotaka. Kamati ilimchagua Mama Vidole kuwa wa kwanza. Hakuwahi kuvuka lile geti maisha yake yote ya ndoa. Mlinzi alimpa buti kubwa kuliko miguu yake, na watu wa mapipa walipomwona wakayasimamisha. Wanaume wakamwamkia, "Karibu, shemeji," kila mmoja kutoka kona yake.

Mumewe alikuwa anamsubiri kando ya bwawa la mwisho, amevaa ovaroli safi ambalo hajui alilifua lini. Akaanza kumweleza: maji yanaingia hapa, taka zinazama pale, hewa inapulizwa kule ili dawa ivunjike. Alionyesha kwa mikono, akarudia, akamshika mkono wavuke daraja jembamba la chuma. Mama Vidole alimsikiliza bila kumkatiza. Hakujua kwamba mume wake anaweza kuongea muda mrefu hivyo, na hakutaka amalize.